Rauta Yako Imefungwa na Kampuni? Jua Kufuli Liko Wapi Kabla ya Kutoa Pesa

Ukiingia nyumba nyingi za Kisauni, Likoni au Majengo siku hizi, utakuta juu ya kabati kuna rauta ya laini iliyojaa vumbi. Ilichukuliwa kwa bei nafuu kutoka kampuni ya simu, ikatumika vizuri, kisha mwenyewe akahamia mtaa ambao mtandao wa kampuni ile haushiki. Akitia laini ya kampuni nyengine, rauta inakataa.

Hapo ndipo anapotokea fundi. "Nipe elfu mbili, nikutilie OpenWrt ifunguke." Maneno hayo yana nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayowala watu pesa zao, na ndiyo iliyonifanya niandike leo.

OpenWrt ni programu endeshi ya rauta, kama vile Android ilivyo kwa simu. Ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Chanzo chake ni rauta ya Linksys WRT54G. Watu waligundua kwamba kampuni imetumia Linux ndani yake, na leseni ya Linux inamtaka anayeisambaza autoe msimbo. Mwaka 2003 msimbo ule ukatolewa, na mwaka 2004 mradi wa OpenWrt ukaanza. Leo unafanya kazi kwenye rauta za aina nyingi sana.

Sasa tuje kwenye kufuli. Rauta ya laini ni vifaa viwili ndani ya boksi moja. Cha kwanza ni modemu, ambayo ndiyo inayozungumza na mnara wa simu. Ina programu yake yenyewe na namba yake ya IMEI. Cha pili ni kompyuta ndogo inayogawa intaneti kwa waifai na waya. OpenWrt inabadilisha hiki cha pili. Kufuli la laini, mara nyingi, limekaa kwenye kile cha kwanza. Kwa hivyo unaweza kutia OpenWrt ikakaa sawasawa, na bado laini ya kampuni nyengine ikakataliwa. Ziko rauta ambazo kufuli limewekwa kwenye programu kuu, na hizo huachia programu ikibadilishwa, lakini usilipe kwa kubahatisha.

Njia iliyonyooka ni kuomba namba ya kufungulia kutoka kampuni iliyokuuzia. Jirani yangu mmoja ana duka la kupiga chapa na kuwajazia watu fomu za serikali mtandaoni. Siku asipokuwa na intaneti, hana riziki. Alikuwa karibu kumlipa fundi nilipomwambia, "Dada, piga simu kwanza kwa kampuni." Mkataba wake ulikuwa umekwisha, akapewa namba, akaiingiza kwenye ukurasa wa rauta, na laini mpya ikashika. Hakulipa fundi hata shilingi.

Ikiwa mkataba haujakwisha, rauta ile bado ni mali ya watu. Maliza deni kwanza. Na fundi akikwambia atakubadilishia IMEI, mkatalie. Sheria ya Kenya ya habari na mawasiliano inaifanya kazi hiyo kuwa kosa la jinai.

Utaniuliza, kama kufuli linafunguka kwa namba, OpenWrt ya nini? Ni ya usalama na uhai wa kifaa. Kampuni nyingi hutoa rauta, kisha baada ya muda huacha kuipelekea masasisho. Tundu likigunduliwa, hakuna wa kuliziba. Mwaka 2018 programu hasidi iitwayo VPNFilter iligunduliwa kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54, vingi vikiwa ni rauta za majumbani na maofisi madogo. Duka linalopitisha vitambulisho na namba za siri za watu halifai kukaa juu ya rauta iliyotelekezwa. Zaidi ya hayo, OpenWrt hukuwezesha kuona ni kifaa gani kinachomaliza bando, na kugawa kasi ili video ya mmoja isizuie kazi ya mwengine.

Ukiamua kuitia, fuata mpango huu.

Kwanza, geuza rauta usome kibandiko cha chini. Andika jina la modeli pamoja na toleo, kwa mfano v1 au v2. Modeli moja yenye matoleo mawili inaweza kuwa na chipu tofauti kabisa ndani. Kisha itafute kwenye orodha ya vifaa katika tovuti ya OpenWrt. Isipokuwepo, ishia hapo. Rauta nyingi za kampuni za simu hazimo.

Pili, angalia ukubwa wa kumbukumbu. Kifaa chenye hifadhi ya megabaiti 4 na RAM ya megabaiti 32 hakitoshi tena kwa matoleo mapya. Tafuta kisichopungua megabaiti 8 na 64, na kikizidi ni bora.

Tatu, andika pembeni mipangilio ya laini yako, hasa APN. Pakua faili la modeli na toleo lako hasa, lile lililoandikwa "factory", na ulinganishe alama yake ya SHA256 na ile iliyo kwenye tovuti.

Nne, unganisha kompyuta kwa waya, si kwa waifai. Hakikisha stima haitakatika. Sisi tunaijua stima yetu. Ikizimika katikati ya kazi, rauta inaweza kugeuka tofali. Baadhi huweza kufufuliwa kwa njia ya TFTP, kwa hivyo soma njia ya kufufua ya modeli yako kabla ya kuanza. Rauta iliyofungwa na kampuni inaweza pia kulikataa faili kwa sababu halina sahihi yake. Hapo patahitajika kuifungua na kutumia waya maalumu, na hiyo ni kazi ya fundi mzoefu.

Tano, ikimaliza kuwaka, fungua 192.168.1.1 na uingie kwa jina "root". Mwanzoni haina neno la siri, kwa hivyo liweke papo hapo. Waifai nayo kwa kawaida huja imezimwa. Iwashe kwa WPA2 au WPA3. Ikiwa vifurushi vya modemu havimo, utahitaji intaneti ya njia nyengine kuvipakua, basi iandae mapema.

Kwa anayetaka kumwachia fundi, namshauri amuulize maswali matatu. Modeli hii, toleo hili, imo kwenye orodha ya OpenWrt? Kufuli lake liko kwenye modemu au kwenye programu kuu? Na ikifa mkononi mwako, utaifufua vipi? Fundi wa kweli atakujibu bila kukasirika. Asiyeweza kujibu, chukua rauta yako uende zako.