Pensheni Jamii Mlangoni kwa Sheha

Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, fedha itokayo katika hazina yake yenyewe, pasina kumwuliza kama ana mikarafuu au hana, wala kama aliajiriwa ofisini au alikula kwa jembe na dema. Pensheni Jamii, kama ijulikanavyo, ilikuwa ya kwanza ya namna yake katika Afrika Mashariki, na kiwango chake kimekwisha kupandishwa hadi shilingi 50,000. Kenya nayo mwaka 2018 iliwafungulia wazee wa umri huo mpango wa Inua Jamii, kwa shilingi 2,000 za huko kwa mwezi. Tanzania Bara, yenye Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, haijafika hapo.

Hekima ya kutazama umri peke yake ni kubwa kuliko idhaniwavyo. Mpango unaochagua mafukara humpa mtu wa mtaani mizani ya kuwapima jirani zake, na hapana mizani iletayo fitina upesi kuliko hiyo. Ilhali hapa Zanzibar sheha, kiongozi wa serikali mtaani, huondolewa dhima ya kuamua nani fukara zaidi, akabaki kushuhudia tu nani ni nani na anakaa wapi.

Walakini umri nao wataka hujja. Aliyekuwa ametimiza miaka 70 mwaka ule wa 2016 alizaliwa 1946 au kabla yake, aghalabu nyumbani, mikononi mwa mkunga wa kijijini, na hapakuwa na aliyeandika. Mzee wa namna hiyo huhesabu miaka yake kwa matukio: yalipotokea Mapinduzi ya Januari 1964 alikuwa ameshaoa, au alikuwa bado kijana asiyeoa. Kwa insafu, ushahidi huo ni thabiti kuliko tarehe iliyobahatishwa na karani. Lakini tarehe ikishaingia katika kitambulisho hushinda kauli ya mwenyewe.

Hapo, karatasi inapoaminiwa kuliko mtu, ndipo pia ukaguzi wa mipango ya wazee hupotea njia. Mkaguzi hupewa orodha ya waliolipwa, akaihakiki jina kwa jina, akawafuta marehemu ambao jamaa zao hawakutoa taarifa, kisha akaandika ripoti njema. Na kuwafuta ni wajibu, maana fedha ya umma hailipwi kaburini. Bali orodha haiwezi kumtaja asiyekuwamo: ajuza aliye kitandani asiyeweza kwenda kujiandikisha, au mzee aliyetoka Pemba akahamia Unguja kwa mwanawe, ambaye sheha wa huku hamjui na sheha wa Pemba amekwisha kumsahau. Wala haisemi, pale mjukuu anapopokea kwa niaba ya babu, ni kiasi gani kilichomfikia babu mkononi.

Ukaguzi wa haki ungekwenda kinyume: ungeanza Micheweni kule Pemba au kisiwani Tumbatu, nyumba kwa nyumba, ukawasikiliza wazee wenyewe kwa faragha, ndipo orodha ifunguliwe. Gharama yake ni kubwa, na posho za wakaguzi zitazidi. Hata hivyo ukaguzi wa mezani hautoshi.

Nawe msomaji, ukiwa na mzee wa miaka 70 nyumbani ambaye hajaandikishwa, mpeleke kwa sheha pamoja na kitambulisho chake. Na kama hawezi kutembea, mwombe sheha aje.