Jenereta kwenye fremu: kabla hujavuta kamba, soma hapa

Haya wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo, tuongelee hicho kitu kinachonguruma nje ya saluni, duka la simu na intaneti kafe ukiwa umekaa hapo unasoma.

Wabongo wengi tulijifunza kuvuta kamba ya jenereta wakati wa mgao wa 2006, ukame ulipokausha mabwawa likiwemo la Mtera. 2011 tukarudia darasa. Mwaka 2023 tukalia tena, mpaka mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipowashwa Februari 2024. Sasa hivi afadhali, lakini nguzo ikianguka au transfoma ikiungua, mtaa mzima utasikia ngurumo. Tatizo ni kwamba kuwasha tunajua wote, ila kuunga wengi tunabahatisha.

WAYA WENYE PLAGI PANDE ZOTE MBILI

Huu mchezo mnaujua. Jamaa anachukua waya, anaweka plagi huku na plagi huku. Upande mmoja kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi ya ukutani, na fremu nzima inawaka. Rahisi, bei poa.

Sasa sikiliza kinachotokea. Umeme ukiingia kwa soketi hauishii kwenye taa zako. Unapita kwenye meni swichi, unapita kwenye mita, unatoka nje hadi kwenye transfoma. Transfoma kazi yake ni kushusha umeme kutoka volti 11,000 au 33,000 hadi hizi 230 tunazotumia. Lakini yenyewe haijui umeme umetokea upande gani. Ukiingiza 230 kwa nyuma, inazipandisha kurudi kwenye maelfu. Fundi wa TANESCO yuko juu ya nguzo, anajua laini imezimwa, kumbe wewe umemuwashia.

Kuna watakaosema jenereta ndogo haiwezi, itazidiwa na mzigo wa mtaa izimike. Mara nyingi ni kweli. Lakini siku waya umekatika karibu na kwako, mzigo wa mtaa haupo, na jenereta yako haizimiki.

Halafu kuna hili: TANESCO wakirudisha umeme wakati jenereta inanguruma, pande mbili zinagongana. Hapo jenereta huungua, na moto unaweza kuanzia hapo hapo. Na plagi ya pili ikichomoka ukutani, vile vyuma viko wazi na vina umeme. Mtoto akivishika ndiyo imetoka.

"Mimi huwa nazima meni swichi kwanza." Safi, mpaka siku utakaposahau, au siku dogo wa dukani atakapowasha peke yake.

DAWA YAKE

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni chenjiova, ile swichi yenye mkono unaokwenda upande wa TANESCO, katikati kwenye sifuri, au upande wa jenereta. Haiwezi kugusa pande mbili kwa pamoja, hata aliyeishika akiwa amelala nusu. Iwe inakata nyaya zote mbili, wa moto na nyutro. Na afunge fundi mwenye leseni ya EWURA, siyo jirani aliyewahi kubadilisha balbu.

Ya pili ni kwa wale wa fremu za kupanga ambao mwenye nyumba hataki kuguswa nyaya zake: usiunge kwenye nyumba kabisa. Toa ekstensheni nene moja kwa moja kutoka kwenye jenereta hadi kwenye vyombo vyako. Ikunjue yote, maana ikibaki imeviringishwa inapata joto na kuyeyuka. Hii haina gharama ya fundi na fundi wa nguzoni yuko salama.

PIGA HESABU KABLA YA KUWASHA

Kwenye jenereta huwa kuna namba mbili za wati. Kubwa ni ile inayobebwa kwa muda mfupi tu, ndogo ndiyo ya kazi ya kila saa. Tumia ndogo, tena usiifikishe mwisho. Mfano: kompyuta nne za mezani, tuseme wati 150 kila moja, ni 600. Taa nne za wati 10 ni 40. Jumla 640. Jenereta ya wati 1,000 inazibeba vizuri. Sasa mteja anataka kuprinti. Printa ya leza inapochemka inaweza kuvuta mamia ya wati kwa mkupuo, na kila kitu kinazimika mteja akiwa katikati ya barua ya kazi. Friji nalo linapoanza linavuta mara kadhaa ya kawaida yake. Washa jenereta kwanza, iache itulie, ndipo uchomeke kimoja kimoja, kikubwa kianze.

MOSHI USIOUONA

Hili ndilo linaloua zaidi, na linaua kimya. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia kwenye damu inashika nafasi ya oksijeni, na inang'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Mtu anadhani ni malaria au uchovu, anajilaza, haamki.

Kwa hiyo jenereta isikae stoo, koridoni, chini ya ngazi wala ndani ya fremu kwa kuogopa wezi. Kufungua mlango hakutoshi, feni haisaidii. Iwe nje, angalau mita 6 kutoka madirisha na milango, bomba la moshi likitazama mbali na watu, wakiwemo wa fremu ya jirani. Kama unaogopa wezi, ifunge mnyororo huko huko nje.

Ukikuta mtu amezidiwa, mtoe nje kwenye hewa, piga 112, awahishwe hospitali apewe oksijeni. Maziwa hayasaidii, maana sumu hii iko kwenye damu, siyo tumboni.

La mwisho, petroli. Zima, subiri ipoe, ndiyo uongeze. Usijaze kwa mwanga wa mshumaa au kibatari, wala usihifadhi petroli kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mvua ikinyesha, ikae chini ya paa lililo wazi pande zote.

Basi wadau, leo ukitoka kafe chungulia jenereta ya hapo imekaa wapi na waya wake unaingilia wapi. Ukikuta plagi mbili, mwambie mwenyewe kistaarabu. Mafundi umeme mliomo humu, ongezeeni nyama kwenye maoni. Nawasilisha.