Je, Wajua? Kilomita kwa Lita

Je, wajua kwamba huhitaji fundi ili kujua gari lako la zamani linakunywa mafuta kiasi gani? Jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, kisha andika kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Ukirudi kituoni, jaza tena vilevile, halafu gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Kilomita 420 kwa lita 35 ni kilomita 12 kwa lita.

Hesabu ikishuka mfululizo, anza na upepo wa tairi. Upime zikiwa baridi. Kama gari ni la kabureta, kagua pia chujio la hewa. Likiziba, hewa hupungua, mafuta huzidi, nawe unalipia moshi mweusi. Daftari dogo garini litakuonya mapema.