Mchezo na Elimu katika Masimulizi ya Utoto

1.0 Utangulizi

Masimulizi ya utoto yana nafasi ya pekee katika uchunguzi wa elimu kwa sababu hutunza mambo ambayo kumbukumbu za shule haziyaandiki. Daftari la mahudhurio huonyesha ni nani aliyefika darasani. Halionyeshi mtoto huyo alikuwa akifanya nini kabla ya kengele kulia, wala alijifunza nini kwa wenziwe njiani. Hata hivyo, masimulizi hayo mara nyingi husomwa kwa njia ya mkato. Mchezo huchukuliwa kuwa kipindi cha furaha kilichokatizwa na shule, na shule huchukuliwa kuwa ndipo elimu inapoanzia.

Makala hii inapinga mgawanyo huo. Inadai kwamba tofauti ya msingi si ile iliyopo baina ya mchezo na elimu, bali ni ile iliyopo baina ya mafunzo yanayomruhusu mtoto kukosea na kubadilishana nafasi na wenziwe, na mafunzo yanayomnyima ruhusa hiyo. Hoja hii inajengwa juu ya ushahidi wa aina tatu: msamiati wa Kiswahili, masimulizi yaliyochapishwa, na michezo miwili ya watoto.

2.0 Ushahidi wa Msamiati

Kitenzi -cheza kina uwanja mpana wa maana. Mtoto hucheza mdako, kijana hucheza mpira, watu wazima hucheza ngoma na bao, na wanawake hucheza upatu. Nomino mchezo nayo hutumika kwa burudani, kwa mashindano yenye kanuni, kwa maigizo ya jukwaani na kwa mzaha. Kwa upande mwingine, vinyambuo vyake hubeba tathmini za kijamii. Katika -chezea mara nyingi mna dharau, kama mtu anapoonywa asichezee kazi au asiwachezee wazee. Katika -chezesha mna mamlaka ya yule anayesimamia kanuni.

Jambo lenye uzito zaidi kwa mada hii ni matumizi ya kitenzi hicho katika muktadha wa unyago. Husemwa kwamba mwali amechezwa, au kwamba makungwi wamemcheza. Hapa -cheza kimechukua yambwa ya mtu na kupata maana ya kumpitisha msichana katika mafunzo ya utu uzima kwa ngoma, maigizo na maneno ya fumbo. Kungwi mwenyewe pia huitwa somo, neno lenye umbo lilelile la somo linalofundishwa darasani. Hivyo basi, lugha inakiri kwamba kuna mafunzo mazito ambayo namna yake ya kutolewa ni kucheza.

Msamiati wa taasisi una historia tofauti. Chuo, kwa maana ya mahali pa kusomea Kurani, ni neno ambalo pia limewahi kumaanisha kitabu. Shule limetoka katika Kijerumani, na skuli, litumikalo sana Zanzibar, limetoka katika Kiingereza. Elimu ni neno la asili ya Kiarabu. Maneno haya yameingia pamoja na mifumo yake, na kila mfumo ulikuja na mtazamo wake juu ya mahali pa mchezo. Malezi, kutokana na -lea, na mafunzo, kutokana na -funza, hayakuwa na jengo maalumu, na kwa sababu hiyo hayakuwa na ukuta wa kuuzuia mchezo usiingie.

3.0 Utoto katika Masimulizi

3.1 Utoto usiosimuliwa

Wasifu wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo za Kiswahili. Ulichapishwa na Heinrich Brode huko Ujerumani mnamo 1902 na 1903. Masimulizi yake huanza msimulizi akiwa na umri wa miaka 12, wakati alipoanza kwenda safari za karibu za biashara. Miaka iliyotangulia haimo. Ukimya huu haupaswi kuchukuliwa kama upungufu wa kumbukumbu. Ni uamuzi wa kitanzu: maisha yanayostahili kusimuliwa ni yale ya safari, mali, vita na deni, na mtu huanza kuwa mhusika pale anapoanza kufanya kazi. Mchezo haukuwa na nafasi katika wasifu wa mfanyabiashara, ingawa haielekei kwamba haukuwamo katika maisha yake.

3.2 Utoto kama desturi

Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mnamo 1903 na ambacho sehemu kubwa yake ilitokana na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kinachukua njia nyingine. Humo utoto unasimuliwa, lakini mtoto hana jina. Anazaliwa, analelewa, anapelekwa chuoni, anaingia jandoni au anafundwa, kama ilivyo ada. Usimulizi wa namna hii unafaa sana kwa kuonyesha mpangilio wa malezi: nani anamfunza mtoto, kwa malipo gani na kwa hatua zipi. Usichoweza kukionyesha ni yale ambayo mtoto mmoja aliyahisi alipovuka kutoka hatua moja hadi nyingine. Desturi hueleza kanuni, haielezi kuteleza.

3.3 Utoto kama kumbukumbu

Kuteleza huko ndiko kunakotawala katika kumbukumbu za Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025). Katika Dreams in a Time of War, iliyotoka mwaka 2010, anaeleza nyumba ya baba mwenye wake wanne karibu na Limuru, na jioni ambazo watoto walikusanyika kwa Wangari, mke mkubwa, kusikiliza hadithi. Mama yake alimpeleka shule kwa ahadi kwamba hatakosa kwenda, na kila alipoleta matokeo alimwuliza kama hiyo ndiyo bidii yake yote. Swali hilo linastahili kutazamwa kwa makini. Halimlinganishi mtoto na wenziwe, wala halimwadhibu kwa kukosa. Linamlinganisha na uwezo wake mwenyewe.

Katika Decolonising the Mind (1986) msimulizi huyohuyo anaonyesha upande wa pili. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Kenya mwaka 1952, Kiingereza kilitiliwa mkazo mkubwa shuleni, na mwanafunzi aliyesikika akisema Kigĩkũyũ alikabidhiwa kifungo. Alitakiwa kumpa mwenziwe atakayemkamata kwa kosa lilo hilo. Jioni aliyekuwa nacho alimtaja aliyempa, huyo akamtaja wa kabla yake, hadi wakosaji wote wa siku hiyo wakajulikana na kuadhibiwa.

4.0 Michezo Miwili

Ili kufahamu uzito wa kisa cha kifungo, ni vema kikalinganishwa na mchezo wa kombolela unaofahamika sana Tanzania. Kanuni zake hutofautiana baina ya mtaa na mtaa, lakini kiini chake ni kimoja. Mtoto mmoja hulinda kopo huku wenziwe wamejificha. Kila anayeonekana hutajwa jina na kuwa mateka. Hata hivyo, aliyebaki mafichoni akiweza kukimbia na kulifikia kopo kabla ya mlinzi, mateka wote huwa huru. Umbo la jina la mchezo linakikaribia kitenzi -komboa, na tendo lake kuu ni hilo hilo la ukombozi.

Kwa umbo la nje, kombolela na kifungo vinafanana: kuna kutafutwa, kukamatwa na kutajwa jina. Kwa mafunzo, vinapingana. Katika kombolela mtoto hujihatarisha ili awaokoe waliokamatwa. Katika kifungo hujiokoa kwa kumkamatisha mwenziwe. Katika kombolela mlinzi wa sasa atajificha raundi ijayo. Katika kifungo mwalimu hawi mwanafunzi hata siku moja. Katika kombolela mtoto aliyechoka huenda kwao. Katika kifungo hakuna mlango wa kutokea. Huizinga, katika Homo Ludens (1938), aliutaja uhuru kuwa sifa ya kwanza ya mchezo. Kisa hiki kinathibitisha kwamba uhuru huo ukiondolewa, umbo la mchezo laweza kubaki na kutumika kufunza usaliti.

Mchezo wa pili ni wa lugha yenyewe, yaani kinyume, ambapo silabi ya mwisho huhamishiwa mwanzo. Samaki huwa kisama, nyumba huwa mbanyu, na mtoto huwa tomto. Mchezaji hasemi nyumba kwa kuikata baina ya /m/ na /b/, kwani anajua kuwa mb ni mwanzo wa silabi moja. Lakini katika mtoto huiacha m- isimame peke yake, kwani anajua kuwa hapo ni silabi kamili. Tofauti hii huwasumbua wanafunzi wa fonolojia, ilhali watoto huitumia kwa kasi barazani pasipo kufundishwa istilahi yoyote. Anayekosea huchekwa, hurekebishwa na wenziwe, na hujaribu tena papo hapo. Mtoto wa namna hiyo anapoingia darasa la kwanza na kukuta silabi ubaoni, hakuti jambo geni. Anakuta maandishi ya jambo analolimudu.

5.0 Mipaka ya Ushahidi

Masimulizi ya utoto hayana budi kusomwa kwa tahadhari. Kwanza, husimuliwa na watu wazima, na mtu mzima huchagua yanayoelekea kule alikofika. Pili, kwa kawaida aliyeandika ni yule aliyefaulu. Mtoto aliyefukuzwa shule na yule aliyezaliwa utumwani ni nadra kuacha kitabu. Tatu, wasichana, ambao mara nyingi walicheza huku wamebeba wadogo zao mgongoni, hawasikiki vya kutosha katika maandishi yaliyotajwa hapa. Pengo hilo halizibwi kwa kurudia kusoma vitabu vilevile, bali kwa kukusanya masimulizi ya mdomo kabla wasimulizi hawajatoweka.

6.0 Hitimisho

Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 iliiunganisha shule na kazi, kwa hoja kwamba shule isijitenge na maisha ya jamii. Mchezo haukupewa hoja yenye uzito kama huo, ingawa nao ni sehemu ya maisha ya jamii hiyo hiyo. Masimulizi yaliyochunguzwa yanaonyesha kwamba haitoshi kuingiza michezo katika ratiba. Kifungo nacho kilikuwa kama mchezo. Kipimo kinachopendekezwa ni maswali matatu yanayoweza kuulizwa juu ya somo lolote: je, mtoto akikosea anaweza kujaribu tena? Je, aliye chini leo anaweza kuwa juu kesho? Je, ushindi wa mmoja unawafaa wenziwe? Somo ambalo majibu yake yote ni ndiyo lina sifa ya kombolela, hata kama linafundishwa kwa chaki na ubao. Somo ambalo majibu yake yote ni hapana litabaki kifungo, hata likiimbwa.