Mkondo unaosukuma maji ya Mlango wa Zanzibar

Ukiwa Segerea huioni bahari. Lakini samaki wakiadimika Feri mwezi wa saba, sababu mojawapo iko majini.

Maji ya Bahari ya Hindi husafiri kutoka mashariki, yakapita kaskazini mwa Madagaska hadi pwani ya kusini mwa nchi yetu. Hapo hugawanyika. Mengine huelekea Msumbiji, mengine hupanda kaskazini yakipita Mafia, Unguja na Pemba. Hayo ya kaskazini ndiyo Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki, na kwetu haugeuki mwaka mzima.

Kinachobadilika ni kasi. Upepo wa kusi, Aprili hadi Oktoba, huusukuma mkondo mbele, ukafika hata mita 2 kwa sekunde. Kaskazi, Novemba hadi Machi, hukutana nao uso kwa uso, ukapungua.

Sehemu kubwa ya mkondo hupita mashariki mwa Unguja, kwenye kina. Mlango wenyewe una upana wa kilomita 40 hivi, na sehemu nyingi kina hakizidi mita 40. Tawi la mkondo huingia humo na kukutana na maji kujaa na kupwa, ambayo wakati wa bamvua hupishana karibu mita 4.

MV Skagit ilizama karibu na Chumbe Julai 18, 2012, katikati ya kusi. Kwa hiyo TMA wakitangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, ahirisha safari, na ngalawa ibaki ufukweni.