Sindano ya Mpini: Mshono Usiofumuka kwa Gunia na Turubai

(MUZIKI WA KUFUNGULIA, KISHA UNAPUNGUA)

MTANGAZAJI: Popote unapotusikia, iwe Nyarugusu nchini Tanzania, Nakivale nchini Uganda au Kakuma nchini Kenya, karibu tena katika kipindi chetu. Leo tunazungumzia kazi ambayo karibu kila nyumba ya kambini inaifahamu: kushona gunia na turubai. Ni kazi inayoumiza vidole, na kama haikufanywa vizuri, utajua siku ya mvua kubwa. Tunaye fundi, mkimbizi mwenzetu, anayeshona viatu na maturubai. Karibu, baba fundi.

FUNDI: Asante, dada. Wasikilizaji wote, nawasalimu.

MTANGAZAJI: Baba fundi, watu wengi wana ile sindano kubwa ya magunia, ambayo wengine huiita shazia. Ina tatizo gani?

FUNDI: Shazia si mbaya, hata mimi ninayo. Lakini tundu lake liko nyuma. Kwa hiyo kila unapotoboa, sindano yote lazima ipite upande wa pili, na uzi wote uifuate. Ukikata uzi wa mita tatu, unavuta mita tatu, tundu baada ya tundu. Uzi unasuguliwa, unachakaa, unajifunga mafundo. Na turubai likiwa limekunjwa, kiganja kinatoka malengelenge.

MTANGAZAJI: Na mshono wenyewe?

FUNDI: Hapo ndipo palinifundisha. Paa letu la kwanza nililishona kwa shazia, uzi mmoja, juu na chini, juu na chini. Kiangazi chote lilikaa vizuri. Usiku mmoja wa mvua, uzi ukakatika mahali pamoja tu, pale uliposuguana na mti. Upepo ukavuta, uzi ukateleza kwenye matundu yake, na kulipopambazuka ufa ulikuwa mrefu kuliko mkono wangu. Watoto walikesha wameketi juu ya madumu, unga umelowa.

MTANGAZAJI: Pole sana, baba fundi. Msikilizaji, huenda nawe yamekukuta. Basi kabla ya kuzungumzia kifaa, tuelewe kwanza mishono. Kama una mfuko wa chakula ambao bado haujafunguliwa, utazame mdomoni.

FUNDI: Ndiyo. Utazame vizuri, upande huu na ule. Mara nyingi upande mmoja utaona uzi umelala kama mshono wa kawaida. Upande wa pili utaona vitanzi vimeingiliana kama mnyororo. Huo ni mshono wa mnyororo. Ghalani hutumia mashine ndogo ya umeme inayoshikwa kwa mkono. Sindano inatoboa mfuko na kuacha kitanzi cha uzi. Ndoano ndogo ndani ya mashine inakishika kitanzi hicho mpaka kitanzi kinachofuata kipite ndani yake. Kila kitanzi kinamshika mwenzake.

MTANGAZAJI: Ndiyo maana mfuko ule hufunguka wote kwa kuvuta uzi mara moja?

FUNDI: Kabisa. Mnyororo hufumuka kutoka mwisho mmoja tu, pale mashine ilipomalizia. Kwa hiyo usikate mfuko kwa kisu. Kata ncha ya uzi, legeza kitanzi cha kwanza, halafu vuta. Ukigoma, nenda mwisho wa pili. Ukifumuka, mfuko unabaki mzima na uzi unabaki mzima. Vyote viwili ni mali, vitunze.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo mnyororo unafaa kwa kitu ambacho utataka kukifungua. Na kitu ambacho hutaki kifunguke, kama paa?

FUNDI: Hicho kinataka mshono wa kufunga, kama ule wa cherehani. Unatumia nyuzi mbili, mmoja juu na mwingine chini. Zinakutana na kukumbatiana katikati ya kitambaa, kila tundu. Uzi ukikatika mahali pamoja, matundu ya jirani bado yameshika. Unapata nafasi ya kutengeneza kabla paa halijafunguka lote.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Sasa tufike kwenye kifaa. Msikilizaji, cherehani ya kawaida ya nguo huchoka haraka kwenye turubai lililokunjwa mara tatu au nne. Lakini siri ya cherehani si ukubwa wake. Siri ni sindano yake. Mwaka 1846 Mmarekani Elias Howe alisajili uvumbuzi wa cherehani ambayo tundu la sindano yake liko karibu na ncha, nayo ilishona kwa nyuzi mbili. Kwa kuwa tundu liko mbele, sindano haina haja ya kupita yote. Inatoboa, inaacha kitanzi, inarudi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Marekani tayari kulikuwa na kifaa cha mkono chenye siri hiyohiyo, kikiuzwa kwa watu wanaoshona ngozi, hatamu za farasi na magunia. Mpaka leo kinatengenezwa. Baba fundi, tueleze kilivyo.

FUNDI: Ni sindano nene iliyofungwa kwenye mpini wa mbao au wa plastiki. Kwenye mpini kuna bobini, yaani kigurudumu kidogo kilichozungushiwa uzi. Uzi unatoka kwenye bobini, unapita kwenye mfereji mwembamba wa sindano, unatokea kwenye tundu karibu na ncha. Unashika mpini kwa kiganja kizima, si kwa vidole viwili. Nguvu ya mkono wote inaingia kwenye ncha. Hakitumii umeme wala mafuta, na kinaingia mfukoni.

MTANGAZAJI: Na namna ya kushona? Nenda polepole, baba, watu wafuate.

FUNDI: Hatua ya kwanza. Toboa kitambaa. Upande wa pili, vuta uzi utoke mwingi: urefu wa mshono wako, ongeza nusu yake. Huo ndio uzi wako wa pili. Rudisha sindano, uzi huo ubaki kule nyuma.

Hatua ya pili. Sogea mbele kidogo, toboa tena mpaka tundu la sindano litokee. Kisha rudisha sindano kidogo tu. Utaona uzi unapinda na kufanya kitanzi.

Hatua ya tatu. Pitisha ule uzi wa pili ndani ya kitanzi, wote.

Hatua ya nne. Rudisha sindano, halafu vuta nyuzi zote mbili kwa nguvu sawa, mpaka pale zinapokumbatiana pazame katikati ya kitambaa. Ukiona fundo limebaki juu, umevuta zaidi kwa juu. Likibaki chini, umevuta zaidi kwa chini.

Basi, rudia hatua ya pili, ya tatu na ya nne mpaka mwisho. Ukimaliza, leta nyuzi zote upande mmoja, zifunge mara mbili, kata.

MTANGAZAJI: Sasa msikilizaji anasema, “Mtangazaji, hicho kifaa nitakipata wapi, na pesa sina?”

FUNDI: Nilijua utauliza, dada. Mafundi viatu wengi wanatumia ndugu yake: sindano yenye ndoano. Spoki ya baiskeli inafaa. Nyoosha spoki, noa ncha yake kwenye jiwe, kata pengo dogo la mshazari karibu na ncha kwa tupa. Lilainishe pengo lile, lisikate uzi. Upande wa pili uchomeke kwenye mpini wa mti mgumu. Hapa bobini haipo. Unatoboa, unatega uzi kwenye ndoano upande wa chini, unavuta kitanzi juu, unapitisha ncha ya uzi wa juu ndani yake, unakaza. Mshono ni uleule wa kufunga, ila mkono mmoja unafanya kazi chini.

MTANGAZAJI: Na uzi je?

FUNDI: Uzi wa pamba ukilowa kila siku unaoza. Chukua nailoni au poliesta. Upake nta ya nyuki au mshumaa: utateleza vizuri, na tundu halitapitisha maji kirahisi.

MTANGAZAJI: Kwa turubai la paa, kuna ushauri wa pekee?

FUNDI: Upo. Kwanza, shona turubai likiwa chini, kabla hujalipandisha. Pili, kunja ukingo mara mbili ndipo ushone, usishone kwenye ukingo mtupu. Tatu, acha nafasi ya upana wa kidole kidogo kati ya tundu na tundu. Wengine hufikiri matundu ya karibu karibu yana nguvu zaidi. Sivyo. Unakuwa umechora mstari wa kuchania. Nne, ukiunganisha maturubai mawili, lile la juu kwenye mteremko lilale juu ya lile la chini, ili maji yateremke bila kuingia kwenye mshono. Na kiraka kiwe kikubwa kuliko tundu, pembe zake zizungushwe, kwa sababu pembe kali huanza kubanduka.

MTANGAZAJI: Na ile mifuko ya chakula, inaweza kuwa paa?

FUNDI: Kwa kivuli au kizuizi cha upepo, sawa. Lakini jua linaila. Baada ya miezi inaanza kupukutika kama majani makavu. Mimi huishona kuwa mikoba, mikeka na mifuko ya kubebea kuni. Na mfuko uliowahi kubeba dawa za wadudu usiuguse kwa chakula, hata ukiufua mara kumi.

MTANGAZAJI: Jambo la mwisho, usalama.

FUNDI: Usiweke kiganja nyuma ya mahali unapotoboa. Weka kipande cha ubao. Ncha ichomeke kwenye kizibo unapomaliza, watoto wasiifikie. Na ukijichoma kwa chuma chenye kutu, osha kidonda kwa maji na sabuni, nenda zahanati uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Usingoje kidole kivimbe.

MTANGAZAJI: Ahsante sana, baba fundi.

FUNDI: Nami nashukuru, dada.

MTANGAZAJI: Mpendwa msikilizaji, tukumbuke mambo matatu. Mshono wa mnyororo ni wa kitu utakachofungua; uvute, usiukate. Mshono wa kufunga ni wa kitu kinachokukinga wewe na watoto wako. Na kifaa cha kuushona unaweza kukitengeneza kwa spoki ya baiskeli na kipande cha mti. Leo, kabla mawingu hayajakusanyika, inua macho uitazame mishono ya paa lako. Ukiona uzi umelegea, ushughulikie wakati jua bado linawaka. Kama jirani yako ni mzee au mgonjwa, tazama na la kwake.

Mpaka kipindi kijacho, kaa salama.

(MUZIKI WA KUFUNGIA)