Kukokotoa Sauti kwa Marudio Mengi: Mfano wa Irabu

Mwanafonetiki aelezapo irabu za Kiswahili hutaja mahali pa ulimi, uwazi wa kinywa na umbo la midomo. Lakini sikio halisikii ulimi. Husikia mitetemo ya hewa. Tangu vitabu vya Chiba na Kajiyama (1941) na cha Gunnar Fant (1960), isimu inayo nadharia ya kuunganisha pande hizo mbili. Makala haya yanaeleza sehemu moja ya kazi hiyo: namna ya kukokotoa sauti ya kinywa kwa marudio mengi bila kuilemea kompyuta.

Marudio ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, nayo hupimwa kwa hezi. Lichukuliwe bomba nyoofu la sentimita 17,5, lililofungwa upande wa koo na kuachwa wazi midomoni. Ikiwa sauti husafiri humo kwa mwendo wa mita 350 kwa sekunde, bomba litavuma kwa nguvu kwenye hezi 500, 1500, 2500 na kuendelea. Vilele hivyo vya mvumo ndivyo viitambulishavyo irabu. Koo likibanwa na kinywa kikapanuliwa, kama katika neno «baba», kilele cha kwanza hupanda na cha pili hushuka. Ulimi ukiinuliwa mbele, kama katika «sisi», hutokea kinyume chake.

Kinywa halisi, hata hivyo, si bomba nyoofu, wala hakina fomula fupi. Hubidi kigawanywe katika vipande vidogo, na mlingano wa mawimbi uitwao wa Helmholtz uandikwe kwa kila kipande. Hapo ndipo gharama ianzapo. Kwenye hezi 5000 wimbi moja lina urefu wa sentimita 7. Vikitakiwa vipande kumi kwa kila wimbi, kipande kisizidi milimita 7. Marudio ya juu kabisa yakiongezwa maradufu, vipande katika urefu, upana na kimo huongezeka mara nane. Tena, mlingano hubadilika kila marudio yabadilikapo. Atakaye mchoro wa kuanzia hezi 10 hadi 5000, kwa hatua za hezi 10, atafumbua mfumo mzima mara 500.

Je, haiwezekani kufumbua mara chache na kubashiri yaliyosalia? Njia ya kale ya Taylor hujumlisha vipeo vya marudio kuanzia nukta moja. Hufaa karibu na nukta hiyo, lakini hushindwa ikifika kwenye kilele. Henri Padé, katika tasnifu yake ya mwaka 1892, alichunguza makadirio yaliyo katika umbo la sehemu, yenye kiasi na asili. Asili ikikaribia sifuri, thamani ya sehemu hupanda mno: hicho ndicho kilele chenyewe. Kwa hiyo sehemu moja huweza kufuata vilele kadhaa.

Njia nyingine, iliyo jamaa yake, huchagua marudio machache, hufumbua mfumo mzima hapo, na kuhifadhi maumbo ya mtetemo yapatikanayo. Jibu la kila marudio mengine hutafutwa kama mchanganyiko wa maumbo hayo. Mfumo wenye maelfu ya visivyojulikana hugeuka kuwa wa makumi tu.

Tahadhari ni lazima. Jibu lililobashiriwa hurudishwa katika mlingano kamili. Baki likiwa kubwa, marudio mengine huongezwa miongoni mwa yale yaliyochaguliwa. Bila kipimo hicho, kilele chaweza kupotea, na irabu moja ikadhaniwa kuwa nyingine.

Faida yake kwa Kiswahili ni dhahiri. Idara yenye kompyuta moja ya kawaida yaweza kujaribu mamia ya maumbo ya kinywa, na kulinganisha irabu za Lubumbashi na za Unguja kwa vipimo vya wasemaji wenyewe, badala ya kuazima vilivyopatikana katika vinywa vya lugha nyingine.